Vikundi vya kutetea ardhi, mazingira na haki za jamii za asili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hujirudia kila watu wanapokutana baada ya kusikia kwamba msitu, mto au malisho yao yamepangiwa shughuli nyingine. Wanaouliza wengi si wanasheria, na wengi hawana muda wa kuanza kujifunza sheria. Penye jibu fupi tumejibu kwa ufupi. Penye mkanganyiko tumekaa zaidi, maana ndipo vikundi vingi vinapojikwaa.

Kikundi cha utetezi cha kanda ni kitu gani?

Ni umoja wa watu, au umoja wa vikundi vidogo, unaosemea eneo kubwa kuliko kijiji kimoja lakini lenye jambo linalowafunga pamoja wanaoishi humo: bonde la mto, safu ya milima, ukanda wa pwani, msitu unaovuka mipaka ya wilaya au ya nchi. Maji yakichafuliwa huko juu, wanaokunywa huku chini hawaulizwi ni wakazi wa wilaya gani. Ndiyo sababu kijiji kimoja hakitoshi.

Ukubwa wake hutofautiana sana. Baraza la Wasami lilianzishwa mwaka 1956 kuwaunganisha wafugaji wa kulungu na wavuvi wa kaskazini mwa Ulaya. Baraza la Wainuit lilifuata mwaka 1977. COICA, umoja wa mashirika ya jamii za asili za bonde la Amazon katika nchi 9, ulizaliwa mwaka 1984. IPACC, umoja wa jamii za asili za Afrika, ni ya 1997, na AMAN, umoja wa jamii za asili za Indonesia, ni ya 1999. Kisha kuna kamati ya watu saba inayokutana chini ya mti na kuandika kwenye daftari la shule. Kazi ni ileile: kupeleka neno la watu pale ambapo wenyewe hawajaalikwa.

Kwa nini uhifadhi, ustawi na haki viwekwe pamoja? Si ni mambo matatu tofauti?

Kwenye makaratasi ya wafadhili ni matatu. Kwa anayeishi kwenye ardhi hiyo ni moja. Anayefukuzwa msituni amepoteza dawa zake, asali yake, makaburi ya wazee wake na shule ya watoto wake kwa siku hiyohiyo, na msitu wenyewe umebaki bila mlinzi aliyekuwa akiulinda bila mshahara.

Kutenganisha mambo haya kumeleta madhara makubwa. Tangu Yellowstone ilipotangazwa kuwa hifadhi ya taifa huko Marekani mwaka 1872, nchi nyingi ziliiga wazo kwamba ardhi nzuri ya kuhifadhiwa ni ile isiyo na watu, na kama watu wamo, waondolewe. Huko Kenya, Waendorois waliondolewa kando ya Ziwa Bogoria katika miaka ya 1970 ili pawe hifadhi ya wanyama. Chombo walichounda kujitetea walikiita baraza la ustawi, na kesi waliyoipeleka mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iligusa malisho, ibada, utamaduni na maendeleo kwa pamoja. Mwaka 2010 uamuzi wa kuwaunga mkono ukatangazwa. Wao hawakuhitaji mtu wa kuwaeleza kwamba mambo hayo yanahusiana.

Nani hasa anahesabiwa kuwa jamii ya asili? Si sote ni wenyeji?

Swali hili huulizwa kwa nia njema na kwa nia mbaya pia, kwa hiyo lijibiwe vizuri.

Hakuna fasili moja rasmi. Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu wa Asili lilipitishwa Septemba 13, 2007 bila fasili ndani yake, na hilo lilikuwa la makusudi. Mkataba namba 169 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1989, unasema kujitambua kwa jamii yenyewe ni kigezo cha msingi. Vigezo vingine hutazamwa pamoja: uhusiano wa muda mrefu na eneo fulani, utamaduni na taasisi za kipekee, na hali ya kutengwa au kutawaliwa na makundi yenye nguvu zaidi.

Barani Afrika, Tume ya Afrika imekwisha kusema kwamba hoja si nani alifika kwanza. Hoja ni jamii ambazo maisha yao yanategemea ardhi na mali asili kwa namna ya pekee, na ambazo zimesukumwa pembeni na mipango ya maendeleo iliyoona uwindaji, ukusanyaji au ufugaji wa kuhamahama kuwa ni kubaki nyuma. Mfano unaofumbua macho zaidi uko Suriname. Wasaramaka ni wazao wa Waafrika waliotoroka utumwa na kujenga maisha yao msituni. Hawakuwa wa kwanza kufika. Hata hivyo Novemba 2007 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika iliamua kwamba wana haki juu ya ardhi yao kama jamii yenye uhusiano wa pekee nayo, na serikali haikuwa na ruhusa ya kugawa vibali vya magogo humo kana kwamba hapana mtu.

Kwa hiyo mtu akikwambia "sote ni wenyeji", mkubalie, kisha muulize nani kati ya hao wenyeji wote anayeondolewa.

Nani amewatuma?

Hili ndilo swali ambalo afisa, kampuni, hakimu na jirani yako watakuuliza. Kama huna jibu, hata ramani nzuri na wakili hodari hawatakuokoa.

Kikundi cha utetezi ni mjumbe. Mjumbe ana nguvu ya aliyemtuma, na nguvu hiyo lazima ionekane. Hutokana na kikao kilichotangazwa mapema, kwa lugha ambayo watu wanaizungumza, mahali ambapo wanawake na wachungaji wanaweza kufika, kikaamua jambo na kuandika muhtasari wenye tarehe na saini au alama za vidole. Hutokana pia na desturi ya kurudi: kila mjumbe akitoka mjini au ng'ambo, anarudi kueleza alichosema na alichoambiwa, ikiwamo posho aliyopewa.

Tofautisha vitu viwili vinavyochanganywa sana. Kuna asasi ya wataalamu inayofanya kazi kwa ajili ya jamii, na kuna umoja unaomilikiwa na jamii yenyewe. Ya kwanza inaweza kuwa na msaada mkubwa: mawakili, wapima ardhi, wanasayansi. Lakini haiwezi kutoa ridhaa kwa niaba ya jamii, wala kuikataa. Asasi ikianza kusema "watu wetu" huku watu hao hawajui jina la mkurugenzi wake, kuna tatizo, hata kama ripoti zake zinang'aa.

Vipi kuhusu wazee wa mila? Wana nafasi yao, na sehemu nyingi ndio wenye neno la mwisho juu ya ardhi. Ila mara nyingi ndio wa kwanza kufuatwa usiku na mtu mwenye bahasha. Kikundi makini huwaheshimu wazee kwa kuwaweka mahali ambapo hawawezi kulazimishwa kuamua peke yao.

Je, ni lazima tusajiliwe?

Inategemea sheria ya nchi yako, na inategemea mnataka kufanya nini. Usajili husaidia kufungua akaunti ya benki, kupokea ruzuku na kufungua kesi kwa jina la kikundi. Una gharama zake pia: ripoti za kila mwaka, ada, na mlango wa serikali kuwafungia siku mkisumbua.

Lakini haki ya jamii juu ya ardhi yake haitokani na cheti cha usajili. Baraza la Waendorois lilinyimwa usajili, na hilo halikuizuia Tume ya Afrika kuisikiliza jamii yenyewe. Msisubiri cheti ndipo mwanze kuandika kumbukumbu.

Tuanzie wapi?

Mali bila daftari huisha bila habari. Anzeni na daftari.

Andikeni majina ya mahali: chemchemi, vilima, vijito, sehemu za matambiko, makaburi, njia za mifugo, kila jina na maana yake na nani amelisimulia. Majina ni ushahidi, kwa sababu mgeni hana jina la kila jiwe. Kisha choreni ramani. Anzeni ardhini kwa vijiti na mawe, wazee wakibishana, maana ubishi huo ndio unaotoa habari. Baadaye vijana watembee na simu au kifaa cha GPS na kuchukua alama za maeneo yaliyotajwa. Jamii ya Awas Tingni ya Nikaragua ilipoishtaki serikali yake kwa kugawa msitu wao kwa kampuni ya magogo, ramani ya matumizi ya ardhi iliyotengenezwa pamoja na jamii ilikuwa sehemu ya ushahidi. Mwaka 2001 walishinda, na hukumu hiyo hutajwa hadi leo kila kesi ya ardhi ya jamii inapofunguliwa.

Tahadhari moja. Ramani inaonyesha pia mahali pa kuiba. Sehemu za siri za ibada, mimea ya dawa yenye soko, maficho ya wanyama wanaowindwa kwa magendo, hayo yasiingie kwenye ramani ya hadhara. Wekeni nakala mbili, ya wazi na ya ndani, na amueni mapema nani anatunza ya ndani.

Wakati huohuo kusanyeni nyaraka za upande wa pili: tangazo la serikali, leseni, mkataba, tathmini ya athari kwa mazingira. Ombeni kwa barua, na mtunze nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Kutojibiwa barua tatu kwa miezi sita ni ushahidi, lakini tu kama mna nakala za barua hizo.

"Ridhaa huru, ya mapema na yenye kuelewa" maana yake nini? Tunaruhusiwa kusema hapana?

Huru, maana yake hakuna vitisho, rushwa wala askari mlangoni. Ya mapema, maana yake kabla ya leseni kutolewa na kabla ya mitambo kufika. Mkiitwa kuelezwa jambo lililokwisha kuamuliwa, hiyo ni taarifa, haijawa ridhaa. Yenye kuelewa, maana yake mmepewa habari zote, mabaya kwa mazuri, kwa lugha yenu, na muda wa kujadiliana bila wageni kukaa mnamojadiliana. Na ridhaa yenyewe ni jibu ambalo linaweza kuwa ndiyo, hapana, au ndiyo kwa masharti. Kama hapana haikubaliki, hakuna lililoombwa.

Je, hapana huheshimiwa? Si kila mahali, na sheria za nchi nyingi bado zinasema "kushauriwa" tu. Lakini imewahi kuheshimiwa. Katika jimbo la Odisha, India, kampuni ilitaka kuchimba madini ya boksiti katika milima ya Niyamgiri, ambayo kwa Wadongria Kondh ni makao ya mungu wao. Aprili 2013 Mahakama Kuu kabisa ya India iliagiza mikutano ya vijiji iulizwe. Vijiji 12 vilikutana mwaka huohuo, kimoja baada ya kingine, na vyote 12 vikakataa. Mradi ukanyimwa kibali.

Huko Ekuado, mwaka 2012, watu wa Sarayaku walishinda kesi baada ya kampuni ya mafuta kuingia msituni mwao na kufukia zaidi ya kilo 1,400 za baruti kwa ajili ya kutafuta mafuta. Mahakama ilisema wajibu wa kuishauri jamii ni wa serikali na haiwezi kuikabidhi kampuni kazi hiyo. Shikilieni jambo hilo, kwa sababu afisa uhusiano wa kampuni ndiye hufika kwanza, na zawadi zake.

Kisha kuna karatasi ya mahudhurio. Watu hukaribishwa kwenye mkutano, wanapewa soda, wanasaini waliofika, na miezi kadhaa baadaye saini hizo zinaibuka kama kiambatisho cha ridhaa. Kabla ya yeyote kusaini, andikeni juu ya kila ukurasa kwa mkono: "Mahudhurio tu." Pigeni picha kila ukurasa. Inachukua dakika mbili.

Sheria zipi za kimataifa zinatusaidia?

Kwa kifupi: Azimio la 2007, lililopigiwa kura na nchi 144 kuliunga mkono na 4 kulipinga (Marekani, Kanada, Australia na Nyuzilandi, ambazo zote baadaye zilibadili msimamo). Si mkataba unaofunga, lakini mahakama hulitumia Azimio hilo kufasiri sheria nyingine. Mkataba namba 169 unafunga nchi zilizouridhia, ambazo ni 24 tu. Afrika ni Jamhuri ya Afrika ya Kati peke yake. Mkataba wa Bayoanuwai (wingi wa aina za viumbe hai) wa 1992, ibara ya 8(j), unagusa maarifa ya jadi. Amerika ya Kusini na Karibi wana Mkataba wa Escazú, ulioanza kutumika Aprili 2021, wenye wajibu wa wazi wa kuwalinda watetezi wa mazingira. Afrika ina Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, na huo ndio uliobeba kesi za Waendorois na za Waogiek, nao wa Kenya.

Kabla ya kukimbilia huko, someni katiba na sheria ya ardhi ya nchi yenu. Karibu kila chombo cha kimataifa kitawauliza mlipita wapi nyumbani kwanza.

Mazungumzo, maandamano au mahakama?

Mara nyingi yote, kwa zamu. Mahakama ni ghali na hukawia miaka, lakini zuio la muda linaweza kusimamisha tingatinga wiki hiyohiyo. Mazungumzo ni ya haraka, ila yanafaa tu kama mna kitu ambacho upande wa pili unakihitaji au unakiogopa.

Njia inayosahaulika ni kufuata fedha. Miradi mikubwa hukopa, na wakopeshaji wengi wana masharti yao juu ya jamii za asili. Benki ya Dunia ina jopo la ukaguzi tangu mwaka 1993, ambalo linaweza kupokea malalamiko ya watu wachache tu walioathirika. Tawi lake linalokopesha kampuni binafsi linadai ridhaa ya jamii za asili katika mazingira fulani tangu 2012. Ulizeni mapema: nani anaulipia mradi huu, na kanuni zake zinasemaje? Ripoti za mwaka za kampuni hutaja wakopeshaji mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Tukishinda kesi, imekwisha?

Hapana, na hapa tunaomba msomaji awe na subira, kwa sababu ndipo vikundi vingi hufa.

Mei 2017 Mahakama ya Afrika, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za Waogiek wa msitu wa Mau. Mahakama ilikataa hoja kwamba kuwaondoa kulikuwa kwa ajili ya kuuhifadhi msitu, kwani haikuonyeshwa kwamba wao ndio waliouharibu. Juni 2022 ikaagiza walipwe fidia ya jumla ya shilingi za Kenya 157,850,000 na ardhi yao itambuliwe kwa hati ya pamoja. Novemba 2023 nyumba za Waogiek zilibomolewa tena msituni humo.

Awas Tingni walishinda mwaka 2001 na kupata hati yao Desemba 2008. Miaka saba hiyo haikuwa ya kusubiri: ilikuwa ya barua, safari, vikao na kugombea mipaka na majirani. Hata hati ilipopatikana, kuwaondoa wavamizi ndani ya eneo ni suala jingine.

Kwa hiyo siku ya hukumu, kabla ya ngoma, teueni kamati ya utekelezaji. Isiwe watu walewale waliochoka na kesi. Ipewe hukumu iliyotafsiriwa kwa lugha ya nyumbani, orodha ya kila agizo na tarehe yake ya mwisho, na jina la ofisi inayopaswa kulitekeleza. Andikeni mapema mtagawaje fidia, wakati bado hakuna fedha. Zikishafika hamtaweza kuandika kwa utulivu.

Mradi wenyewe ni wa nishati safi, au wa kaboni. Tukiupinga hatutaonekana wapinga mazingira?

Mtaitwa hivyo. Oktoba 2021 Mahakama ya Juu ya Norwei iliamua kwamba leseni za mitambo ya upepo huko Fosen, jumla ya mitambo 151, zilivunja haki ya Wasami ya kufuga kulungu kama utamaduni wao. Mitambo iliendelea kuzunguka. Februari 2023, siku 500 baada ya hukumu, vijana wa Kisami waliziba milango ya wizara, na makubaliano na wafugaji yalikuja baada ya hapo, hadi Machi 2024. Upepo ni safi. Namna ya kulipata eneo la kuuvunia huenda isiwe.

Miradi ya kaboni, ambamo kampuni hulipa ili msitu au malisho yatunzwe kufidia hewa chafu yake, inahitaji maswali yake: mkataba ni wa miaka mingapi? Nani anamiliki kaboni hiyo kisheria? Tunazuiwa kufanya nini, kulisha, kukata kuni, kuhama? Jamii inapata asilimia ngapi baada ya dalali kukata chake, na tunaona hesabu zake wapi? Mkataba wa miaka 40 unawafunga wajukuu ambao hawajazaliwa. Muda wa kuusoma usiwe wiki mbili.

Ni kweli kwamba jamii za asili zinatunza asilimia 80 ya bayoanuwai ya dunia?

Msitumie takwimu hiyo. Ilirudiwa kwa miaka mingi katika hotuba na ripoti, lakini mwaka 2024 kundi la watafiti, wakiwamo wa jamii za asili, waliifuatilia hadi mwanzo wake na hawakukuta utafiti ulioizaa. Mpinzani anayejua hilo atawaaibisha mbele ya watu.

Mna hoja iliyo imara kuliko hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria kwamba jamii za asili zinasimamia au zina haki juu ya angalau kilomita za mraba milioni 38 katika nchi na maeneo 87, yaani karibu robo ya nchi kavu, na kwamba maeneo hayo yanakutana na takriban asilimia 40 ya hifadhi zote za nchi kavu. Desemba 2022 nchi za dunia zilikubaliana kulinda asilimia 30 ya ardhi na bahari ifikapo 2030, na andiko lenyewe linataja kutambua maeneo ya jamii za asili na kuheshimu haki zao. Sehemu kubwa ya asilimia hizo 30 itatoka wapi, kama si kwenye ardhi ambayo kuna watu? Anzieni hapo.

Fedha tutapata wapi, na tukatae zipi?

Michango midogo ya wanachama haitalipa wakili, lakini inajibu lile swali la nani amewatuma. Ruzuku husaidia, ila husafiri njia ndefu. Kwenye mkutano wa tabianchi wa Glasgow mwaka 2021 wafadhili waliahidi dola bilioni 1.7 kwa ajili ya haki za ardhi na misitu za jamii za asili na wenyeji. Ripoti yao ya kwanza ilionyesha kwamba asilimia 7 tu ndiyo iliyofika moja kwa moja kwenye mashirika ya jamii hizo. Nyingine ilipita kwa wasimamizi wa katikati.

Kataeni fedha ya yule mnayemlalamikia, hata akiiita ya shule. Kataeni pia ruzuku inayowabadilishia kazi: mmeanza kwa kutetea malisho, baada ya miaka miwili mnaendesha semina za kitu ambacho hakuna aliyekiomba. Hesabu zisomwe hadharani, kwa sauti, kwa sababu wapo wasiosoma.

Na wanawake? Na vijana?

Wanawake ndio wanaojua maji yako mbali kiasi gani, na wengi wao hawamo kwenye orodha ya wenye ardhi. Kikao kikiwekwa saa ya kuchota maji na kupika, mmekwisha kuamua nani hatakuwapo. Fidia ikilipwa kwa "mkuu wa kaya" pekee, mjane na mke wa pili mara nyingi hawaioni.

Vijana wana simu na miguu. Msiwape simu tu, wapeni kura.

Usalama wetu je?

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Kwenye kazi hii wanauawa. Chico Mendes, aliyewaongoza wagema mpira wa msitu wa Amazon, alipigwa risasi nyumbani kwake Xapuri, Brazil, Desemba 22, 1988. Ken Saro-Wiwa, mwandishi aliyepinga uchafuzi wa mafuta katika eneo la Ogoni, na wenzake wanane walinyongwa na serikali ya kijeshi ya Nigeria Novemba 10, 1995. Berta Cáceres, Mlenca wa Honduras aliyepinga bwawa kwenye mto Gualcarque, aliuawa nyumbani kwake usiku wa Machi 2, 2016. Shirika la Global Witness lilihesabu watetezi wa ardhi na mazingira 196 waliouawa mwaka 2023 pekee.

Hatari hupungua kikundi kisipokuwa na uso mmoja. Badilisheni wasemaji. Barua zisainiwe na wengi. Nyaraka ziwe na nakala nje ya eneo, kwa mtu mnayemwamini. Anayesafiri aache ratiba yake kwa mtu, na huyo mtu ajue ampigie nani saa ikipita. Msirushe picha za kikao mtandaoni kikao kikiwa bado kinaendelea. Vitisho viandikwe siku hiyohiyo: saa, maneno yenyewe, namba ya simu, nani alisikia. Kuna pia kesi za kunyamazisha, ambapo kampuni hudai fidia kubwa ya kashfa ili kuwamaliza kwa gharama. Kinga ya kwanza ni kusema tu kile mnachoweza kukithibitisha kwa karatasi.

Mimi si wa jamii hiyo. Nisaidieje bila kuharibu?

Uliza kwanza wanachohitaji. Mara nyingi ni kitu kisichopigwa picha: kutafsiri hati, kusoma bajeti, kuchapa nakala, nauli. Ukiandika habari zao, warudishie uisome nao kabla ya kuichapisha. Na ukiombwa kuondoka kikaoni wakati wenyeji wanaamua, ondoka bila kununa.

Nusu yetu wameukubali mradi. Tufanyeje?

Msiwaite wasaliti. Mtu mwenye mtoto mgonjwa na ahadi ya ajira hajakosa akili. Amepiga hesabu zake. Itisheni kikao cha ndani, wageni wasiwepo, kila upande useme unachotarajia na unachoogopa. Mara nyingi hugundulika kwamba kila upande uliahidiwa vitu tofauti, na hapo umoja hurudi wenyewe. Ikishindikana, semeni ukweli kwa umma: sehemu hii inakubali kwa masharti haya, sehemu hii inakataa kwa sababu hizi. Kikundi kinachojifanya kina sauti moja hupoteza heshima siku picha ya waliokubali itakapotoka gazetini.

Kikao cha kwanza kiwe na ajenda gani?

Tatu zinatosha. Tumesikia nini, na tumekisikia kwa nani? Nani hayupo hapa ambaye angepaswa kuwapo, na nani atamfuata kabla ya kikao kijacho? Nani ataandika? Chagueni waandishi wawili, mmoja mzee na mmoja kijana, na wasiwe mwenyekiti wala mweka hazina. Daftari likae kwa mmoja, nakala kwa mwingine.